Kompyuta ya ofisini, gemu za vijana: Linux ipi nichague?

Swali: Nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, Dell OptiPlex 7040, Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Fundi aliniwekea kadi ya picha GTX 1050 Ti ya GB 4. Imekuja na Windows 10, ambayo naambiwa muda wake umekwisha, na Windows 11 inaikataa mashine hii. Wanangu wawili wanacheza FC (ile ya mpira wa miguu), GTA V, Euro Truck Simulator 2 na Minecraft. Mimi natunga mitihani humohumo. Nimeshauriwa kuhamia Linux kwa kuwa ni programu huria na haina malipo, lakini kila kijana ninayemuuliza ana jina lake: Ubuntu, Arch, Bazzite. Intaneti yangu ni bando la simu. Nichague ipi? (Mwalimu wa sekondari, Mwanza)

Jibu: Mwalimu, salaam, na pole kwa kuzungushwa. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umetaja mashine, kadi, gemu zenyewe na intaneti unayotumia. Anayeniuliza "Linux ipi inafaa kwa gemu" bila kutaja hivyo vinne huwa namrudishia swali, kwa sababu jina la distro, yaani aina ya Linux kama Ubuntu au Mint, ndilo la mwisho kuamuliwa. Kwanza gemu, kisha kadi, kisha bando. Ukishavijua hivyo, jina linajileta lenyewe.

Nisikuweke. Kwa mashine yako, sakinisha Linux Mint ya familia ya 22, ile yenye eneo-kazi la Cinnamon, kwenye SSD mpya, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Ile diski ya GB 500 iache na Windows yake kwa ajili ya FC tu. Sababu nazieleza kwa urefu, ili siku ukibadilisha kadi au ukiunganishiwa faiba uweze kuamua upya wewe mwenyewe.

Tuanze na gemu. Karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kinachozifanya zifunguke kwenye Linux ni Proton, programu ambayo Valve, wenye duka la Steam, waliitoa Agosti 2018. Ndani yake kuna Wine, mradi wa programu huria ulioanza mwaka 1993. Kazi ya Wine ni kupokea maombi ambayo gemu inadhani inayapeleka kwa Windows, na kuyajibu kwa njia ya Linux. Gemu inaomba ifunguliwe faili, Wine inaifungua. Inaomba sauti, Wine inaipatia sauti. Upande wa picha kuna mkalimani mwingine, DXVK: gemu inazungumza Direct3D, yeye anaigeuza kuwa Vulkan, lugha ambayo draiva, programu zinazoendesha kadi, zinaielewa vizuri kwenye Linux. Hakuna Windows iliyofichwa mahali ikiendeshwa kwa chini, na ndiyo maana kasi inayopotea kwa kawaida ni ndogo.

Valve hawakufanya hivyo kwa hisani. Kifaa chao cha mkononi, Steam Deck, kilichotoka Februari 2022, kinaendeshwa na SteamOS, ambayo ni Linux iliyojengwa juu ya Arch. Kila gemu wanayoirekebisha ili ichezeke humo inakuwa imerekebishwa kwa ajili yako pia. Na hapa ndipo vijana wako wanapobishana bure: Proton ni ileile kwenye Ubuntu, Arch, Bazzite na Mint. Inakuja na Steam, haiji na distro. Gemu isiyofunguka kwa mmoja kwa kawaida haifunguki kwa mwingine, na tofauti ya fremu kwa sekunde kati ya distro mbili zenye draiva moja ni ndogo mno kwa mchezaji wa nyumbani kuiona kwa macho. Kabla ya kununua gemu yoyote, itafute kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji wanaandika ilivyokwenda kwenye mashine zao. Usome maelezo ya mwenye kadi kama yako, usiishie kwenye alama ya jumla.

Sasa hizo zako. Minecraft ya Java haina shida, ina toleo lake la Linux kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Ile iitwayo Bedrock ndiyo haina, kwa hiyo waulize vijana wanacheza ipi na marafiki zao. Euro Truck Simulator 2 nayo ina toleo la Linux, linachora kwa OpenGL. Ikikwama kwama kwenye miji mikubwa, jaribu kuilazimisha Steam itumie Proton: bofya gemu kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", kisha "Compatibility", uchague Proton. Itapakua upya toleo la Windows, kwa hiyo fanya jaribio hilo siku yenye bando. GTA V hadithi yake inachezeka vizuri. GTA Online haichezeki: Septemba 2024 Rockstar, wenye gemu hiyo, waliiwekea BattlEye, programu ya kuzuia udanganyifu, na hawakuiruhusu ifanye kazi kwenye Linux. Kama wanao wanacheza hadithi tu, hawatagundua tofauti.

FC ndiyo yenye maumivu, na afadhali ulisikie hili kwangu kabla hujafuta chochote. Tangu FIFA 23 (FC kabla ya kubadilishwa jina), EA, watengenezaji wake, wanatumia programu yao wenyewe, EA AntiCheat, ambayo haikai ndani ya gemu kama programu nyingine. Inashuka hadi kwenye kiini cha Windows, mahali panaposimamia kumbukumbu na vifaa vyote, ili ichunguze kama kuna anayeichezea gemu kwa hila. Proton inajua kujibu maombi ya programu za kawaida. Haina kiini cha Windows cha kumkabidhi mgeni anayetaka kukaa chini ya programu zote. Akishuka anakuta Linux, anakataa kuendelea, na gemu haifunguki. FC 24, 25 na 26 zote ni hivyo. Hakuna distro inayobadilisha jambo hilo, hakuna draiva, hakuna amri ya kunakili kutoka video ya mtandaoni. Kijana akikwambia kwake FC inafunguka kwenye Bazzite, mwombe kwa upole akae mbele yako aifungue.

Nalisisitiza kwa sababu nimeona nyumba zikipoteza amani kwa hili. Mzazi anafuta Windows Jumamosi asubuhi, jioni mtoto anagundua kwamba timu aliyoijenga miezi sita haifikiki, na kuanzia hapo Linux inakuwa jina baya nyumbani humo, hata kwa mambo inayoyaweza vizuri kuliko Windows. Gemu za mashindano ya mtandaoni zote ziulize swali hilohilo kwanza. Fortnite, Valorant na Call of Duty mpya hazichezeki. Counter-Strike 2 na Dota 2 zinachezeka, tena zina matoleo ya Linux. Easy Anti-Cheat, programu nyingine ya kuzuia udanganyifu, na BattlEye zote mbili zimekuwa na uwezo wa kufanya kazi chini ya Proton tangu 2021, lakini uamuzi wa kuuwasha ni wa mwenye gemu, na anaweza kuurudisha nyuma wakati wowote: Apex Legends ilichezeka kwenye Linux kwa muda mrefu, kisha 31 Oktoba 2024 wenyewe wakafunga mlango.

Kwa hiyo Windows yako ibaki. Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha inaishia Oktoba 2026. Diski hiyo ifanye ya mpira tu. Usiingie benki humo, usiweke mitihani humo, usifungulie humo barua pepe ya shule. Na kabla ya kununua FC ya msimu ujao, soma mahitaji yake kwa makini: FC 24 na 25 zinaitaja GTX 1050 Ti kama kadi ya chini kabisa, yaani kadi yako imesimama mlangoni, na mlango unaweza kusogezwa.

Tuje kwenye kadi, maana hapa ndipo distro zinapoanza kutofautiana kwelikweli.

GTX 1050 Ti ilitoka mwishoni mwa 2016, kwenye kizazi ambacho NVIDIA wanakiita Pascal. Ni kadi nzuri kwa mashine za ofisini kwa sababu inatosheka na wati 75 kutoka kwenye ubao mama, haihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai ndogo ya Dell. Lakini NVIDIA wamekwisha kuiaga: draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kuitambua. Mfululizo wa 590 hauijui. Distro inayokufaa, basi, ni ile itakayokuachia 580 bila kukusukuma.

Arch haiko hivyo. Arch ni mfumo unaosonga kila siku: hakuna matoleo ya mwaka, kila programu mpya inaingia mara inapokuwa tayari. Desemba 2025 walihamia 590, wakatangaza wazi kwamba wenye kadi za Pascal na za kabla yake waiondoe draiva hiyo na kujiwekea ile ya 580 kutoka kwenye hazina ya watumiaji, AUR. Waliosoma tangazo walifuata hatua chache wakaendelea. Ambaye hakulisoma alisasisha, akawasha upya, akakuta herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi. Siilaumu Arch; ni mfumo wa watu wanaosoma tangazo kabla ya kusasisha, na wanaopenda kufanya hivyo. Wewe una madaftari ya kusahihisha. CachyOS, inayosifiwa sana siku hizi kwa kasi, ina msingi huohuo wa Arch, na tabia ya kusonga kila siku ni ileile.

Mint ya familia ya 22 imesimama juu ya Ubuntu 24.04, toleo la muda mrefu, na inahudumiwa hadi 2029. Ina dirisha linaloitwa "Driver Manager". Ukilifungua litaisoma kadi yako na kukuorodheshea draiva. Hapa tulia kidogo, maana utaona majina mawili yanayofanana: "nvidia-driver-580" na "nvidia-driver-580-open". Mtu anayetafuta mfumo wa programu huria macho yatamvuta kwenye lile la "open". Usilichague. Draiva ya wazi ya NVIDIA inafanya kazi kwa kadi za kizazi cha Turing na baada yake, yaani GTX 16 na RTX 20 kuja juu. Yako inahitaji ile iliyofungwa. Inanisikitisha kidogo kukwambia kwamba katikati ya mfumo huria patakuwa na kipande ambacho hakuna anayeruhusiwa kukifungua na kukisoma, lakini ndiyo hali ya kadi hiyo. Ipo draiva huria ya jamii, nouveau, na ndiyo itakayoonyesha picha siku ya kwanza kabla hujaweka ya NVIDIA. Kwa Pascal inaiendesha kadi kwa mwendo wa chini mno, gemu haichezeki.

Ungekuwa na kadi ya AMD, tuseme RX 580 inayopatikana sana madukani kwa vitu vilivyotumika, ushauri wangu ungegeuka. Draiva ya AMD ni huria, na imo ndani ya mfumo wenyewe: nusu kwenye kiini cha Linux, nusu kwenye mkusanyiko uitwao Mesa. Hakuna cha kusakinisha, unachomeka skrini unacheza. Ila kwa kuwa imo ndani ya mfumo, ubora wake unategemea mfumo ni mpya kiasi gani, na hapo Fedora, inayotoa toleo jipya takriban kila miezi sita, au Bazzite iliyojengwa juu yake, zinaizidi Mint. Kwa NVIDIA hilo halina uzito, kwa sababu draiva inakuja kama furushi la pekee. Ndiyo maana nasema kadi ndiyo inayochagua.

Kwa msomaji mwingine mwenye laptopu isiyo na kadi, mwenye picha za Intel peke yake: kizazi cha sita kuja juu, gemu nyepesi zitakwenda. Kizazi cha nne kushuka chini kina kasoro ya msingi. DXVK ya sasa inadai Vulkan 1.3, na hizo hazina. Utacheza za zamani, nyingi zitakataa, na kubadilisha distro hakutaongeza kitu.

Halafu bando, jambo ambalo washauri wengi wa mtandaoni hawaligusi kwa sababu wao wana intaneti isiyohesabiwa.

Bazzite ni kazi nzuri sana, na kama ungekuwa na faiba ningekuambia tuizungumze. Imejengwa kwa namna tofauti: mfumo mzima ni taswira moja isiyobadilishwa vipande vipande. Sasisho likija, taswira mpya inaandaliwa pembeni huku wewe ukiendelea na kazi, na mashine ikiwashwa upya inahamia kwenye hiyo mpya. Ikigoma, unachagua ya jana kwenye orodha ya kuwasha na unaendelea kama kawaida. Kwa nchi yenye umeme wa kukatika, huo ni utulivu mkubwa. Umeme ukikatika katikati, iliyoharibika ni ile iliyokuwa ikiandaliwa pembeni, unayoitumia haijaguswa. Hata kwa kadi za zamani wamefikiria, wanapotoa faili la kusakinisha wanakuuliza una NVIDIA ya kizazi kipi, na la GTX 9 na 10 lipo peke yake. Tatizo ni uzito. Faili la kusakinisha ni zaidi ya mara mbili ya lile la Mint, ambalo ni karibu GB 3, na masasisho yake mara nyingi hufika gigabaiti kadhaa kwa mkupuo. Kwa bando la simu, mwezi mmoja wa kusasisha unaweza kula kiasi ambacho vijana wangepakulia gemu.

Mint inasasisha furushi moja moja, yaani programu baada ya programu, na wewe ndiye unayeamua lipi na lini. Mwezi wenye pesa kidogo unachukua yale ya usalama tu, mengine yanasubiri. Udhaifu wake ni huo ambao Bazzite imeutatua: umeme ukikatika wakati furushi linaandikwa, mfumo unaweza kubaki nusu mpya nusu wa zamani. Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja ambako umeme uliondoka sasisho likiwa katikati. Mashine iliporudi ilifika kwenye nembo ikakaa hapohapo. Niliiwasha upya nikiwa nimeshikilia kitufe cha Shift, nikaingia kwenye hali ya uokoaji, nikaandika:

`sudo dpkg --configure -a`

Mistari ikaanza kuteremka, furushi moja baada ya jingine likimaliziwa pale lilipoachiwa, na baada ya dakika kama nne mashine ilikuwa nzima. Amri hiyo iandike kwenye karatasi uibandike ndani ya kava ya kompyuta. Pia siku ya kwanza kabisa fungua "Timeshift", imo tayari ndani ya Mint, uiambie ihifadhi hali ya mfumo kila wiki. Na kama mfuko unaruhusu, UPS ndogo ya dakika kumi ni bora kuliko ubishi wote wa distro.

Kwenye bando hilohilo kuna mambo matatu ya Steam. La kwanza, unapoitafuta Steam kwenye dirisha la programu la Mint utaiona mara mbili, moja ya mfumo na nyingine ya Flatpak, njia ya kufungasha programu pamoja na vitu vyake vyote. Chukua ya mfumo. Ile ya Flatpak inabeba nakala yake ya draiva ya NVIDIA, na kila draiva inapobadilika inapakuliwa mara mbili. Kwa walio kwenye Ubuntu, waepuke Steam ya Snap, njia ya Ubuntu inayofanana na Flatpak, kwa sababu nyingine: imekuwa na hitilafu nyingi, na bora waende tovuti ya Steam wachukue faili la .deb. La pili, ndani ya Steam, sehemu ya "Downloads", zima kipengele cha "Shader Pre-caching". Kinapakua vipande vya picha vilivyokwisha kuandaliwa, kwa kila gemu, tena na tena kila gemu inaposasishwa. Ukikizima, dakika za mwanzo za gemu zinaweza kukwama kidogo kadi inapojiandalia yenyewe, kisha zinatulia.

La tatu ndilo litakalokuokolea fedha nyingi. GTA V peke yake inadai nafasi inayozidi GB 100. Hutaipakua kwa bando. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani, rauta ileile, bila kuivuta tena kutoka nje. Rafiki wa wanao mwenye gemu hiyo kwenye Windows aje na mashine yake, wote wawili wafungue Steam, waruhusu uhamishaji kwenye mipangilio ya "Downloads", na faili zitapita kati ya mashine mbili. Proton inatumia faili zilezile za Windows, kwa hiyo hazijali upande wa pili ni Linux. Ungeni mashine kwa waya wa mtandao kama upo, Wi-Fi itawakesha.

Swali la gemu za kwenye flashi, zile zinazouzwa bei ya soda: najua zipo kila mtaa, na najua zitafika nyumbani kwako. Usiziruhusu, na sababu yangu si ya haki za watunzi peke yake. Watu wamezoea kusema Linux haina virusi. Faili la .exe likifunguliwa kupitia Wine linakuta herufi ya diski iitwayo Z, na Z hiyo ni mfumo wako wote wa faili, pamoja na folda ya mitihani. Programu mbaya ya Windows iliyoandikwa kufunga mafaili na kudai fidia inaweza kuyafunga ya kwako kwenye Linux vilevile. Kwa hiyo wafungulie vijana akaunti yao, isiyo ya msimamizi, na wewe uwe na yako yenye nenosiri wasilolijua. Kinachofunguliwa kwenye akaunti yao hakina ruhusa ya kufuta wala kubadilisha vya kwako. Wakitaka gemu za bure, Epic hutoa moja au zaidi kila wiki kihalali, na programu iitwayo Heroic inazifungua kwenye Linux.

Sasa kusakinisha. Nunua SSD ya SATA, GB 480 inatosha kuanzia. Zima mashine, ichomoe diski ya zamani kabisa, waya wa data na wa umeme, ndipo uweke SSD. Mafundi wengi hawajisumbui kuichomoa, lakini mimi siachi: kisakinishi kisichoiona diski ya Windows hakiwezi kuifuta kwa bahati mbaya, wala kuandika kitu chake cha kuwashia humo. Andaa flashi kwa programu ya Rufus ukiwa bado na Windows, iweke, washa ukibonyeza F12 mfululizo, chagua flashi. Ukimaliza kila kitu, rudisha diski ya zamani. Siku ya mpira, F12 na kuchagua Windows. Siku nyingine mashine inaingia Mint yenyewe.

Kuna skrini moja itakayokutisha, na watu wengi hukwama hapo. Kama Secure Boot, kinga ya mashine inayokataa programu zisizotambulika wakati wa kuwaka, imewashwa, wakati wa kuweka draiva ya NVIDIA utaombwa utunge nenosiri la muda. Litunge fupi, liandike. Mashine ikiwashwa upya inatokea skrini ya bluu yenye maneno "Perform MOK management", na inakuhesabia sekunde kumi tu ubonyeze kitufe chochote. Ukichelewa inapita, mfumo unawaka kama kawaida, na draiva inakuwa imesakinishwa lakini kiini kinakataa kuipakia. Mtu anahangaika wiki nzima akidhani kadi ni mbovu. Bonyeza kitufe, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", andika lile nenosiri (herufi hazitaonekana unapoandika, ni kawaida), kisha "Reboot". Ukishaingia fungua terminali uandike `nvidia-smi`. Likitokea jedwali lenye jina la kadi yako na namba ya draiva inayoanzia 580, umefika.

Gemu za Linux zisakinishe kwenye SSD hiyohiyo. Vijana watataka kuokoa nafasi kwa kuielekeza Steam kwenye diski ya Windows, kwa sababu Linux inaisoma. Wakatalie. Diski hiyo imepangwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, na Proton hutengeneza ndani ya folda zake majina yenye nukta pacha, kama "c:", ambayo Windows haiyakubali na inaweza kuyaona kama hitilafu ya diski. Isitoshe, Windows kwa desturi yake haizimiki kabisa, inalala nusu ili iwake haraka, na diski ikiachwa hivyo Linux huifungua kwa kusoma tu. Zima hiyo "Fast Startup" upande wa Windows hata kama hutachanganya gemu.

Pedi za kuchezea zisikupe wasiwasi. Za Xbox na PlayStation zinatambuliwa na kiini chenyewe, na nyingi za bei nafuu zinazojitambulisha kama za Xbox 360 nazo zinatambuliwa zikichomekwa tu.

Limebaki la RAM. GB 8 zitafungua gemu zako zote, ila GTA V ikiwa wazi pamoja na kivinjari mashine itaanza kuvuta pumzi. Fungua kava uangalie: kama ni kijiti kimoja cha GB 8, tafuta cha pili kinachofanana nacho, DDR4 ya kasi ileile, ukiweke kwenye tundu la rangi sawa na la kwanza, maana viwili vikiwa sambamba prosesa inasoma kutoka vyote kwa wakati mmoja. Kama bajeti inatosha kwa kimoja tu mwezi huu, anza na SSD, RAM ifuate mwezi ujao.